Taa ya Kutokea

Nyumbani kwangu hakuna mtu anayezima taa kimyakimya. Anayetaka kuzima anasema "Nazima," halafu anangoja mpaka kila aliyemo ndani ajibu "Nipo." Hata kama tumo wawili. Hata akiwa mgeni. Mke wangu alinicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akazoea. Binti aliyekulia kwetu ndiyo kabisa, alikuwa mkubwa alipogundua kwamba nyumba nyingine watu wanazima tu na kulala kama kuku.

Desturi hiyo niliitoa shimoni, na binti mwenyewe nilimtoa hukohuko kwa namna fulani. Si wa kuzaa mimi. Baba yake alikuwa rafiki yangu, tulichimba dhahabu pamoja Rwamgasa, na siku mimi nilipotolewa kwenye kifusi, yeye alibaki. Mama yake akarudi kwao Meatu, akaolewa tena, mtoto nikamchukua akiwa darasa la kwanza. Nikamleta huku Bugarama, akasoma mpaka akawa mwalimu. Ananiita baba mdogo. Na miaka yote hiyo kulikuwa na neno moja nililomficha: baba yake aliniomba mwanga kule chini, na mwanga nilikuwa nao.

Wenye makosa nitawataja. Majina siyaandiki, maana watoto wao hawajanikosea. Ila kazi zao nazitaja, na waliokuwepo watawajua.

Mambo yalianza na mchezo. Binti alitoka nao chuoni, akawa anacheza kila Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwangu, na wenzake wawili: mwalimu wa hesabu wa shule yake na nesi wa zahanati, mzaliwa wa Mwadui, mtu wa kucheka kwa sauti. Nilidhani ni karata. Si karata. Hauna ubao, hauna kete, wala hauna mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi, huyo ni binti. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, mzigo aliobeba. Msimulizi anasema, "Mmefika mbele ya pango, mnafanyaje?" Nao wanasema wanavyofanya. Pale ambapo haijulikani kama utaweza au utashindwa, unarusha dadu. Na dadu lenyewe si hili letu la pande sita, lina pande ishirini, dogo kama kunde, likianguka chini mke wangu anainama na wao kulitafuta.

"Walimu wazima," mke wangu alikuwa anasema akipita na sahani ya matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. "Wazazi wa wanafunzi wenu wangewaona!"

"Mama, nyamaza, nimebakiwa na uhai wa nukta tatu," nesi anajibu.

Mimi nilikaa mlangoni na kiti changu, nasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ilikuwa raha. Mpaka Jumapili walipoingia pangoni.

Binti alifungua kitabu cha mchezo, cha Kiingereza, akawa anawafafanulia. Mwenge mmoja unawaka saa moja ya kwenye hadithi. Ukizimika, unayepigana gizani unapunguziwa kwenye dadu. Lakini kuna watu wa aina fulani, wenye masikio marefu, ambao giza haliwasumbui.

"Mtu wangu ni wa hao," mwalimu wa hesabu akasema, akanyoosha miguu. "Anaona gizani. Hana haja na taa."

Sikukusudia kusema. Maneno yenyewe yalitoka. "Hakuna mtu anayeona gizani."

Wakageuka wote.

"Mzee, ni mchezo tu," mwalimu akasema.

"Hata paka haoni. Paka unayemsema anaona kwa sababu nje kuna nyota. Chini hakuna nyota."

"Mwalimu, umenyang'anywa macho na paka," nesi akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Binti hakucheka. Alifunga kitabu, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Basi tupe kanuni zako, baba mdogo. Kila meza inajiwekea kanuni za nyumba. Na hii nyumba ni yako."

Hapo ndipo ningesema naenda kuangalia ng'ombe. Sikusema. Na sababu naijua: mimi niliishia darasa la nne. Walimu wawili na nesi mmoja wameshika kalamu, wananingojea mimi niseme waandike! Nilivimba kichwa, nikavuta kiti mpaka mezani.

Nikawaambia giza la shimoni si weusi. Weusi ni kitu unachokiona. Lile halionekani, linakukalia usoni kama kitambaa kibichi. Baada ya muda hujui kama macho umefumba au umefumbua, inabidi uyaguse kwa kidole. Hutembei, unatambaa, mkono mmoja mbele, mmoja ukutani, na ukiuachia ukuta umekwisha, maana juu na chini vinapotea. Muda unapotea. Utasema ni siku mbili kumbe ni mchana mmoja. Na utaona vitu: mimi niliona ukumbi wa harusi, watu wanakula. Kwa hiyo asipunguziwe nukta kwenye dadu, nikasema. Dadu lenyewe mfunikeni na kikombe. Arushe, asione limeangukaje, msimulizi peke yake achungulie.

"Duh," mwalimu akasema, anaandika.

Nikawapa na ile ya "Nazima." Shimoni tulikuwa tunafanya hivyo ili kuhifadhi betri: aliye mbele anaacha yake ikiwaka, wa nyuma anazima, lakini hazimi kabla hajasema na kila mmoja hajaitikia. Kwa sauti unajua nani yuko wapi. Asiyeitika anatafutwa kwanza, ndipo taa inazimwa.

Wakafunga madirisha ya mbao saa tisa mchana, wakaweka tochi moja katikati ya meza. Kwenye hadithi taa ilipokufa, wakazima kweli. "Nazima." "Nipo." "Nipo." Mimi nilitoka nikasimama uani juani, nimeshika nguzo ya banda. Nilisikia sauti zao ndani zimebadilika, zimekuwa ndogo, hata ya nesi. Mchezo ulikuwa mtamu, walisema. Mimi shati lilikuwa limelowa.

Jumapili iliyofuata nesi akauliza swali. Namkumbuka alivyouliza, anamenya karanga. "Sasa mzee, tochi zote zikifa ndiyo tumekufa? Hakuna kanuni ya kutuokoa?"

"Ipo taa ya kutokea," nikasema.

Neno likishatoka halirudi. Ikabidi nieleze. Kila zamu ina taa moja ya ziada, haiguswi, ni ya kutokea tu njia ikifunguka. Hata mpotelewe na taa zote, ile inakaa kifuani imezimwa.

"Anabeba nani?"

"Kiongozi wa zamu."

Binti alikuwa ameinamia daftari. Hakuinua kichwa. "Siku ile ya baba, kiongozi wa zamu alikuwa nani?"

Mke wangu aliacha kupepeta mchele. Yeye hakuwa anajua, lakini alinijua mimi.

"Zamu zilikuwa zinabadilikabadilika, ng'wanawane, mwanangu," nikasema. "Ni zamani sana."

Akaandika kitu. Sikujua ameandika nini. Wiki hiyo sikulala vizuri. Kila aliponisalimia nilipima sauti yake. Akiosha vyombo kimya, najiambia amejua. Akiimba, najiambia anaimba ili nisijue kwamba amejua. Siku ya Jumatano akaniuliza taa za kichwani za zamani zilikuwa zinatumia betri ngapi. Chai ikanimwagikia mapajani. "Ni kwa ajili ya mchezo," akasema, akanipa kitambaa. Taa ile ya kutokea nilikuwa nayo bado, kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya ghala, chini ya magunia ya mpunga. Mara mbili nilikwenda nayo mpaka chooni nikaitumbukize, mara mbili nikarudi nayo. Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka ikamatwe.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Mwenye duara, yaani mwenye lile shimo, aliambiwa kwamba matimba yameoza. Matimba ndiyo yale magogo yanayoshikilia udongo usitushukie. Aliambiwa na mimi, na rafiki yangu, na wengine. Akajibu mbele ya watu kwamba magogo ni ya kupikia wake zetu, dhahabu haitaki magogo. Huyo wa kwanza. Mganga aliyeletwa akamwaga dawa mdomoni mwa shimo akasema duara lina njaa, tuingie kabla kivuli hakijageuka, tusibishe. Huyo wa pili, alikula kuku wake akaondoka. Wa tatu ni msimamizi. Yeye ndiye aliyekuwa anagawa taa. Ya kutokea alikuwa anaijaribu kiganjani mwake unaposhuka na unapopanda, na ukirudi nayo imechoka bila sababu anayoikubali yeye, duara lake umelisahau. Watu walipanda juu wakitambaa gizani, magoti yanavuja damu, ili tu taa ya kutokea ionekane nzima. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tunaogopa kufukuzwa kuliko tunavyoogopa kufa, kwa sababu kufukuzwa tulikuwa tumeshakuona.

Siku ile mbele kabisa tulikuwa wawili, mimi na yeye. Kiongozi wa zamu mimi. Udongo ulishuka bila kelele niliyoitegemea, kama mtu anakaa kwenye gunia. Taa yake ikapondwa pale pale. Mimi nilikuwa mzima, yeye kifusi kilimbana mguu, mikono miwili kutoka nilipo. Taa yangu ya kawaida ilituvumilia kidogo, ikawa nyekundu, ikafa. Akasema, "Kaka, washa ya kutokea."

Nikasema, "Imepondwa."

Nilikuwa nimeishika. Ilikuwa kifuani, chini ya shati, ina joto langu. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ni kanuni ya msimamizi iliyonifunga mkono. Si kweli, au si yote. Nilikuwa nimeshamhesabu kwamba hatoki. Nilijua njia ikifunguka kutakuwa na mtu mmoja wa kutoka, na huyo atahitaji kuona.

Hakulaumu. Alisema, "Basi." Baadaye akasema anataka tu kujua mguu wake ukoje, anahisi majimaji. Nikapapasa, nikamwambia ni maji ya ukutani. Tukawa tunaitana. "Upo?" "Nipo." "Upo?" "Nipo." Mpaka ikawa ninaita mimi tu.

Walipotoboa kutoka upande wa pili nikawasha, nikatambaa nikatoka nayo inawaka. Wa kwanza kunipokea alikuwa msimamizi. Aliiona. Akaifunika kwa kiganja, kilekile alichokuwa anaijaribia, akaizima, akanirudishia. Asubuhi yake akaja nilipolazwa, akakaa kitandani kama ndugu. "Ukisema habari za matimba," akasema, "nami nitasema habari za taa." Wakubwa walipokuja kuuliza, nikasema ni kazi ya Mungu. Mjane alipewa sanda, mchele na pole. Mwenye duara akachimba lingine pembeni.

Ndiyo maana nilimchukua mtoto. Watu walinisifu. Kanisani walinisimamisha.

Jumapili ya tatu mvua ilikuwa imefunga, sebule yenyewe nusu giza hata kabla ya kufunga madirisha. Wageni wakaingia wanakung'uta viatu, wanasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mzee," "Mwadila." Nilitaka kwenda kwa jirani, mvua ikanizuia. Nikakaa mlangoni pangu.

Mwalimu wa hesabu sasa alikuwa kiongozi wa zamu kwenye hadithi, masikio marefu alishayaacha. Binti akasimulia. Dari la pango limeshuka. Taa zimekufa. Mwenzenu mmoja amebanwa. Mtu wa nesi yuko nyuma, hasikii. Halafu binti akabadilisha sauti, akawa yule aliyebanwa, sauti nzito ya kiume, na nawaapia ilikuwa sauti ya ukoo wao.

"Kaka, washa ya kutokea."

Mwalimu akajikuna kidevu. "Namwambia imeharibika."

"We! Una roho ya mjusi wewe!" nesi akasema.

"Siyo roho, ni hesabu. Huyu kashabanwa. Taa ni ya anayetoka."

"Rusha dadu," binti akasema, "tuone kama anakuamini."

Dadu likarushwa chini ya kikombe. Binti akachungulia.

"Amekuamini," akasema.

"Aliniamini," nikasema mimi.

Walidhani naingilia mchezo. Mwalimu akaanza kutabasamu. Nikatoka mvuani nikaenda ghalani, nikasukuma magunia, nikarudi na kopo. Nikaiweka taa juu ya meza, katikati ya karatasi zao, mkanda wake wa mpira umekatikakatika. Nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa, ila vibaya zaidi, kwa kurudiarudia. Nilipofika kwenye majimaji ya mguuni, nesi akaangalia mikono yake. Yeye anajua mguu unaovuja damu unafungwaje. Sikumuuliza.

Binti aliuliza kitu kimoja. "Ulipotoka ilikuwa inawaka?"

"Iliwaka."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Akakusanya dadu moja moja, akazitia kwenye mfuko wake. Nilingoja anitukane. Badala yake akachukua simu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza mezani kando ya taa. Ikaita. Mke wangu akasema, "Mwanangu, jamani, siyo leo." Ikapokelewa.

"Haloo? Haloo, mwanangu?" Mama yake, Meatu, kuku wanasikika nyuma yake. "Mbona hamsemi? Mpo?"

Binti alinitazama mimi.

"Nipo, shemeji," nikasema.

Nikamweleza. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, ikabidi niseme kwa nguvu, mambo yale ya kunong'onwa nikawa nayapiga kelele. Nilipomaliza, kuku tu ndio waliosikika.

"Aliomba taa mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja, shemeji. Na tena ya mguu."

"Yule mtu alikuwa analala na kibatari," akasema. "Tangu aliponioa. Nilikuwa namgombeza kwa ajili ya mafuta." Nikamsikia anafukuza kuku. "Na wewe ulisema ni kazi ya Mungu. Nikamshukuru Mungu. Nipe mwanangu."

Binti akachukua simu akaenda nayo chumbani, akafunga mlango.

Mwezi huo huo alipanga chumba karibu na shule. Alibeba godoro na vitabu, taa aliichukua pia, hakuomba. Mama yake alikuja kutoka Meatu, hakufikia kwangu. Tukaenda watatu kwenye ofisi inayohusika na machimbo, nikataja tena: mwenye duara, mganga, msimamizi, na mimi. Karani aliandika watatu, wa nne akaniuliza kama nina uhakika nataka aandike. Nikasema andika. Mpaka leo hatujaitwa, na kila pikipiki inayosimama nje naamka kwenye kiti.

Jumapili bado wanakuja kucheza, maana kwake chumba ni kidogo. Sikujua kama watarudi. Walirudi. Binti ananipa shikamoo, naitika marahaba. Baba mdogo hasemi tena. Kuna siku waliacha daftari la kanuni mezani, nikalivuta, nikasoma polepole kwa kidole. Ukurasa wa giza ulikuwa wote maneno yangu, kuanzia kitambaa kibichi mpaka kikombe. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, ameongeza: Mwenye taa ya kutokea hulaza mezani taa yake, wote waione, kuanzia mwanzo wa mchezo. Na ndivyo wanavyofanya. Inakaa pale katikati, ile ile, amebadilisha betri na mkanda.

Jumapili iliyopita walipofunga madirisha, nilikuwa bado ndani, nimechelewa kutoka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye tochi.

"Nazima," akasema.

"Nipo," mwalimu akasema. "Nipo," akasema nesi. Mke wangu kutoka jikoni, "Nipo."

Mkono wake haukusogea. Alikuwa anangoja, hanitazami. "Nipo," nikaitika.